Tako la nyani na V8: safari mbili za Mtae

Nina Harrier ya mwaka 2006, ile ambayo Dar kila mtu anaiita tako la nyani. Injini ni 2AZ, cc 2,362, na zinazovuta ni tairi za mbele tu, maana siku ya kununua niliona four-wheel ni kuongeza gharama ya mafuta bure. Nimekaa nayo miaka 6. Mwezi wa nne shemeji yangu akasafiri, akaniachia V8 yake, Land Cruiser 200 ya petroli, cc 4,608. Masharti yalikuwa mawili: nisivute sigara ndani, na nikamlete bibi yao kutoka Mtae, kule milimani Lushoto.

Desemba nilikuwa nimeenda huko huko na Harrier, kwa hiyo njia naijua na pa kulinganisha ninapo.

Nianze na lami. Kutoka Dar mpaka Mombo, asikudanganye mtu, Harrier haina aibu. Imejengwa kama gari dogo, bodi na sakafu ni kitu kimoja, ndiyo maana inatambaa kwa utulivu na kona inakata vizuri. V8 imekaa juu ya chasisi yake na ina uzito wa tani mbili na nusu hivi. Ukikanyaga breki ghafla unausikia ule uzito ukija mbele. Ila ukimya wake ni mwingine. Ndani husikii injini wala upepo, na hilo ndilo lililoniponza: nilidhani nipo 50, kumbe nimeshapita 70, nikapigwa tochi karibu na Korogwe. Elfu thelathini. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba ukiwa ndani ya V8 trafiki wanakupigia saluti. Yule aliniomba leseni bila hata kutazama gari.

Mafuta sasa. Harrier safari ndefu inanipa kilomita 10 kwa lita, siku nyingine 10 na nusu. V8 nilipiga hesabu kwenda na kurudi, ikanipa 6 na kidogo. Ina tenki mbili, jumla lita 138. Kijana wa sheli aliponiuliza "Nijaze, mzee?" nilimwambia aweke ya laki mbili kwanza tuone. Mshale ulisogea kama unabembelezwa.

Ukipita Soni na Lushoto, lami inakuacha, na udongo mwekundu wa masika haumjui mtu. Kuna mteremko mmoja kabla ya Mtae, kona imelala upande wa bonde. Hapo ndipo Harrier ilinigomea Desemba baada ya manyunyu ya nusu saa, tairi za mbele zikawa zinajisaga tu. Si kosa la gari, ni langu niliyelipeleka. Vijana saba walisukuma, nikatoa elfu ishirini na viatu vyangu vikabaki na rangi mpaka leo.

Safari hii nilisimama juu ya mteremko ule ule, nikaweka L4, ile gia nzito ya tairi zote nne, nikawasha Crawl Control, nikaondoa miguu yote miwili kwenye pedali. Gari ikaanza kushuka yenyewe, taratibu kama mtu anayetembea na ndoo kichwani, breki zikiguguna chini, grr, grr, kama mashine ya kusaga inayoanza kazi. Kelele ile inatisha usipoambiwa mapema. Kazi yangu ilikuwa usukani tu. Vijana walikuwa wamekaa pale pale wakisubiri riziki. Mmoja akanipungia mkono kwa masikitiko.

Kuhusu vikorombwezo, nilikuwa mpinzani mkubwa. Skrini inaongea Kijapani katika magari yote mawili, ukiwasha tu dada anakukumbusha habari ya kadi ya kulipia barabara za kwao. Redio za Japani huanzia 76, na nyingi zinaishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa huzipati mpaka ufunge kifaa cha kuongeza masafa au ubadilishe redio kabisa. Mimi nilibadilisha. Shemeji anasikiliza simu.

Halafu kuna friji kati ya viti vya mbele. Niliicheka sana. Kumbe bibi anachoma insulini, na Desemba tulisafiri na dawa zake ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, tukisimama kila mji kutafuta nyingine. Safari hii dawa zilikaa mle ndani zikiwa baridi mpaka Dar. Nimeacha kucheka.

Bibi mwenyewe alisimama mbele ya gari, mikono kiunoni. "Mjukuu wangu, hili gari au ghorofa?" Kuna ngazi pembeni na mshikio mlangoni, lakini magoti ya miaka 80 na ushei hayajui mambo hayo, tulimletea kigoda. Kwenye Harrier yeye hugeuka tu na kukaa, kiti kiko usawa wa nyonga zake. Viti vya nyuma kabisa vya V8 navyo hukunjwa vikaning'inia pembeni, vinakula nafasi ya kabichi na plamsi. Alichokipenda ni mlango wa nyuma unaofunguka vipande viwili. Kile cha chini kikawa benchi, akakaa hapo kumenya mapeasi yake.

Unayefikiria kununua, angalia pia yasiyoonekana kwenye picha. V8 inameza oili lita 7 na nusu, yangu 4. Plagi 8 dhidi ya 4. Tairi moja ya 285/60R18 nilitajiwa bei inayonunua mbili na nusu za kwangu. Na ukiagiza mwenyewe, TRA haikuhurumii kwa cc 2,362: ukishavuka 2,000 ushuru wa bidhaa ni asilimia 10, sawasawa na mwenye V8. Harrier Anaconda, toleo lililofuata hili langu, ya cc 1,986 inalipa 5.

Funguo nimerudisha, gari nimeliosha mpaka uvunguni. Bibi anarudi Mtae mwezi wa saba, njia ikiwa imekauka. Amesema atapanda ile ya chini, mradi ninunue kiboksi cha barafu.