Wasifu wa Google au tovuti yako: kipi kitangulie?

Kwa gharama, wasifu wa biashara kwenye Google hauna mpinzani. Ni bure, na ndio unaokuweka kwenye ramani mtu anapotafuta fundi au duka la karibu. Google yenyewe inasema hupanga matokeo hayo kwa mambo matatu: biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali, na umaarufu. Umbali huwezi kuubadilisha. Picha, saa sahihi za kazi na kuwajibu wateja wanaotoa maoni, hayo yako mikononi mwako.

Tovuti ina ada za kila mwaka, na lazima apatikane wa kuiandika. Lakini ni mali yako. Wasifu unaweza kusimamishwa, na mtu yeyote anaweza kupendekeza urekebishwe, hata adai umefunga biashara! Machi 2024 Google ilizima tovuti za bure zilizotengenezwa kupitia wasifu huo.

Kwa matunzo, tovuti huvumilia kusahauliwa kidogo. Wasifu unataka jicho la mara kwa mara.

Unayehudumia mtaa mmoja, anza na wasifu. Huduma yako ikihitaji maelezo marefu, tovuti itajilipa. Na anayeuza mtandaoni tu, bila kukutana na wateja ana kwa ana, kanuni za Google hazimruhusu kuwa na wasifu.