FreeStyle Libre 2 kwa Mgonjwa wa Kisukari Ambaye Sukari Yake Hushuka Usiku

Kwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili ambaye sukari yake hushuka usiku bila sababu kujulikana, kihisio cha FreeStyle Libre 2, yaani kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye ngozi na kufuatilia sukari mchana na usiku, kina manufaa makubwa, mradi anayekitumia ajue kinapima nini hasa. Tulikinunua kwa ajili ya mama yangu, ambaye umri wake umevuka miaka 60, kwa kuwa alikuwa akiamka kanga imelowa jasho na kichwa kinamuuma, ilhali kipimo cha kidole cha asubuhi kilionyesha sukari iko sawa. Majirani walisema ni malaria, wengine wakasema ni jinamizi.

Kihisio hubandikwa nyuma ya mkono wa juu na hufanya kazi kwa siku 14. Ninachokisifia zaidi ni grafu yake, kwani hutunza kumbukumbu za muda wa saa 8 zilizopita, na ukikisogezea simu asubuhi unauona usiku karibu wote. Mstari wa mama uliteremka taratibu baada ya saa sita usiku, ukafika milimoli 3.1 kwa lita karibu na saa tisa, chini kabisa ya ile 3.9 ambayo madaktari huihesabu kuwa ni sukari iliyoshuka, kisha ukapanda wenyewe alfajiri.

Grafu hiyo ndiyo tuliyompelekea daktari, naye akaanza na dawa. Mama alikuwa akimeza glibenclamide, dawa ya kushusha sukari, ambayo hukaa mwilini muda mrefu na kuendelea kulichochea kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari, hata mtu akiwa amelala na alikula chakula kidogo, na hatari huzidi figo zikiwa dhaifu. Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kwamba dawa hiyo haifai kwa waliozidi miaka 60. Vipimo vilionyesha kuwa figo za mama zimepungua nguvu; daktari akabadilisha dawa, na mistari ya usiku ikatulia. Tafadhali, mtu asiache dawa kwa kuiangalia grafu peke yake.

Kihisio hupima majimaji yaliyo chini ya ngozi, si damu yenyewe, hivyo huchelewa kwa dakika kadhaa. Aidha, kwa vihisio vya aina hii kwa jumla, mgonjwa akiulalia mkono wenyewe, mgandamizo huweza kuonyesha sukari imeshuka wakati haijashuka. Mstari huporomoka ghafla na kurudi ghafla anapogeuka. Kengele ya kuonya kwamba sukari imeshuka ikilia, hakikisha kwa kipimo cha kidole, lakini akiwa anatokwa jasho, anatetemeka au ameanza kuchanganyikiwa, mpe kwanza gramu 15 za sukari, yaani takriban vijiko vitatu vya chai vilivyokorogwa katika maji, kisha mpime baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asitiwe chochote mdomoni. Apelekwe hospitali mara moja. Vitamini C inayozidi miligramu 500 kwa siku nayo huweza kupandisha usomaji na kuficha sukari iliyoshuka.

Bei yake ni mzigo kwa anayelipa kutoka mfukoni, wala sioni sababu ya kukivaa mwaka mzima iwapo shida ni kutafuta chanzo tu. Kwetu kihisio kimoja kilitosha. Anayeshindwa kukinunua anaweza kumwamsha mgonjwa saa tisa usiku kwa siku kadhaa, akampima kidoleni na kumwandikia daktari namba hizo pamoja na saa ya chakula cha jioni na saa ya dawa.