Uzoefu wangu na nyanya ya Moneymaker katika ua wa nyumbani, Dar es Salaam

Ninaishi Goba, na kwa misimu kadhaa sasa nimekuwa nikilima Moneymaker uani kwa ajili ya jiko langu na la jirani zangu. Tathmini hii ni ya mtu anayetaka nyanya nzuri ya mchuzi na kachumbari kutoka kwenye ndoo chache au tuta moja fupi. Anayewaza kupeleka matenga sokoni atafute mbegu nyingine, kama alivyoniambia mzee mmoja wa duka la pembejeo Kariakoo siku niliponunua pakiti yangu ya kwanza: "Dada, hii ukiitaka kwa biashara utahangaika, lakini kwa kula nyumbani hutajuta." Ninakubaliana naye kwa yote mawili, ingawa nusu ya pili ya maneno yake inahitaji masharti.

Moneymaker ni mbegu ya zamani. Asili yake ni Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, na ilikusudiwa kupandwa ndani ya nyumba za vioo, mahali ambapo mvua haigusi majani, jua si kali na usiku una ubaridi. Ukilijua hilo, utaelewa sehemu kubwa ya tabia zake hapa Pwani. Si chotara, kwa hiyo mbegu utakazotoa kwenye tunda lake zitakupa mmea uleule mwaka unaofuata, na pakiti yake ni nafuu mno ukilinganisha na mbegu chotara zinazouzwa kwa kuhesabiwa. Hata hivyo, haikujengewa kinga dhidi ya magonjwa yetu kama ilivyojengewa Tengeru 97, ambayo watafiti wa Tengeru, Arusha, waliitoa mwaka 1997 ikiwa na ustahimilivu dhidi ya minyoo fundo, yaani minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi, na mnyauko fuzari unaoletwa na ukungu wa udongoni. Mwenye Moneymaker hana budi kuilinda kwa mikono yake.

Nianze na ladha, kwa sababu ndiyo inayonifanya niipande tena. Nyanya nyingi tunazonunua Dar zinatoka mbali, Ilula, Morogoro au Lushoto, na huchumwa zikiwa zimeanza tu kubadilika rangi ili zistahimili safari ya lori na kubanana ndani ya tenga. Zina nyama nene na ngozi ngumu, nazo zinafaa kwa kazi hiyo. Moneymaker ina ngozi nyembamba, umbo la mviringo lisilo na mikunjo, uzito wa takriban gramu 100, na ute mwingi kuzunguka mbegu, na uchachu unaokutana vizuri na utamu umo hasa katika ute huo. Ukiiacha iive kabisa mtini, kachumbari yake haihitaji ndimu. Kwa mchuzi mzito inachukua muda zaidi kukauka kwa sababu ya maji yake, na ikishachumwa ikiwa imeiva haidumu siku nyingi mezani. Ndiyo maana haifai kwa tenga.

Jambo ambalo mkazi wa Dar anapaswa kulizingatia kuliko yote ni msimu. Chavua ya nyanya hudhoofika joto la usiku linapozidi nyuzi 24 hivi kwa siku za mfululizo, au la mchana linapopita nyuzi 32, na ua lisilochavushwa halifungi tunda. Januari na Februari usiku wa Dar huzunguka nyuzi 25, kwa hiyo mmea uliokuwa ukichanua kwa wingi unaweza kukaa bila hata tunda moja, huku mwenyewe akiongeza mbolea akidhani una njaa. Ukitazama kikonyo cha ua kwa karibu, utaona kifundo kidogo katikati yake. Kifundo hicho kikigeuka njano, ua litaanguka hapohapo kwa kuguswa tu, na hakuna dawa ya dukani itakayolirudisha. Kinachosaidia ni kupanga kalenda ili maua yatoke wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku unaposhuka hadi nyuzi 19 au 20. Mimi husia mbegu mwanzoni mwa Aprili kwenye trei zilizowekwa chini ya bati la plastiki ili masika yasizipige, kisha huhamisha miche mvua zinapopungua katikati ya Mei. Matunda ya kwanza huiva kuanzia mwisho wa Julai, na mavuno huendelea hadi joto linaporudi.

Asubuhi, umande ukishakauka, ninatikisa kila kishada cha maua kwa kidole. Ua la nyanya lina viungo vya kiume na vya kike pamoja, na chavua yake hudondoka kwa mtikisiko. Shambani upepo na nyuki hufanya kazi hiyo, lakini nyua zetu nyingi za mjini zimezungukwa na kuta za tofali na upepo haufiki. Ni kazi ya dakika chache, na tofauti yake kwenye idadi ya matunda inaonekana wazi.

Udongo ndio sharti la pili. Sehemu kubwa ya Dar ina mchanga, na minyoo fundo hupenda mchanga wenye joto. Moneymaker ikishambuliwa hudumaa, hunyauka mchana na kuamka jioni, na ukiung'oa mmea utakuta mizizi imejaa vinundu kama shanga. Kwa sababu hiyo ninapendekeza ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, au viroba vikubwa, vijazwe udongo ambao haujawahi kulimwa nyanya, bilinganya, nyanya chungu wala pilipili, uchanganywe na samadi iliyooza vizuri pamoja na pumba za mpunga ili maji yasituame. Ndoo pia inakuokoa na mnyauko wa bakteria, ambao huuangusha mmea mzima ukiwa bado wa kijani. Ukitaka kuuhakikisha, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi na usikitikise. Ikiwa ni bakteria, baada ya dakika chache utaona uzi mweupe wa ute ukishuka polepole kutoka kwenye jeraha. Mmea huo ung'olewe na mizizi yake, na udongo wake usitumike tena kwa nyanya.

Moneymaker hukua bila kukoma. Inahitaji mti wa kuegemea wenye urefu wa mita mbili hivi, na maotea yanayochipua kwenye kwapa za majani yaondolewe yakiwa bado madogo ili shina libaki moja au mawili. Majani ya chini yanayogusa udongo nayo yaondolewe, kwani ndiyo mlango wa bakajani, ugonjwa wa ukungu unaoacha mabaka kwenye majani. Katika unyevu wa Dar ninaona nafasi kati ya mmea na mmea ina thamani kuliko idadi ya mimea, na sitapanda miwili kwenye ndoo moja hata ndoo iwe kubwa.

Kuhusu maji, niseme wazi kwamba visima vya maeneo mengi ya jiji hili vina chumvi, na nyanya huonyesha hilo mapema. Tunda linapooza kitako, yaani sehemu ya chini inapogeuka nyeusi na kubonyea, wengi hukimbilia dawa ya ukungu, ilhali si ukungu: kalsiamu haikufika kwenye tunda. Mara nyingi kalsiamu imo kwenye udongo, lakini umwagiliaji wa kushtukiza, leo ndoo mbili na kesho hakuna, huizuia isisafiri, na chumvi huongeza tatizo. Ninatumia maji ya bomba au ya mvua niliyokinga, ninamwagilia shinani kila asubuhi kwa kiasi kilekile, na ninatandaza majani makavu juu ya udongo.

Wadudu nitawataja kwa ufupi. Kantangaze, kiwavi wa nondo mdogo aliyeingia nchini mwaka 2014, huchimba ndani ya jani na kuacha baka jeupe lenye vinyesi vyeusi, na kwenye tunda huacha tundu dogo karibu na kikonyo. Kwa mimea michache inatosha kukagua majani kila siku, kuyachuma yaliyochimbwa na kuyachoma moto, kisha kunyunyizia maji ya majani ya mwarobaini jioni. Inzi weupe ni hatari zaidi kwa sababu hueneza virusi vya majani kujikunja, ambavyo wakulima huviita rasta, na mmea ulioambukizwa hauponi. Miche ifunikwe kwa chandarua chenye matundu madogo sana tangu ikiwa kwenye trei.

Ubora wa pakiti zenyewe unatofautiana. Niliwahi kununua katika duka moja pakiti iliyoota nusu tu, na tangu hapo ninakagua tarehe ya kufungashwa na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kabla ya kulipa. Baada ya msimu wa kwanza, hata hivyo, sikuhitaji tena kununua, na hapa ndipo mbegu hii inapozishinda chotara zote nilizowahi kupanda. Nyanya hujichavusha yenyewe, hivyo mchanganyiko na aina nyingine ni wa nadra ukiacha mita chache kati yake. Ninachagua mmea uliokaa na afya hadi mwisho wa msimu ukazaa vizuri, hata kama tunda lake si kubwa kuliko yote, kisha ninachuma matunda yake yaliyoiva sana. Ute na mbegu vinakamuliwa ndani ya glasi na kuachwa kwenye kivuli siku mbili au tatu hadi vichachuke na utando mweupe utokee juu. Uchachukaji huo unaondoa ute unaozuia mbegu kuota na kupunguza baadhi ya vimelea vya magonjwa. Mbegu nzima huzama, mapepe huelea na kumwagwa. Zilizozama zinasuuzwa kwenye chujio la chai na kuanikwa kivulini juu ya sahani, wala si juu ya karatasi, kwa kuwa zitagandia.

Unyevu wa Pwani huua mbegu haraka, kwa hiyo zangu zinakaa ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, pamoja na mchele uliokaangwa ukapoa, mahali pasipopigwa na jua. Zikihifadhiwa hivyo huota vizuri kwa miaka mitatu au minne. Chupa iandikwe mwaka wa mavuno, na mchele ubadilishwe kabla masika hayajaanza.