Uzoefu wangu wa kukodi usafiri wa kikosi cha filamu: Bagamoyo, Lushoto hadi Pangani

Mimi ni meneja wa uzalishaji wa filamu, na katika majukumu yangu yote hakuna linaloninyima usingizi kama kuhamisha watu na vifaa kutoka eneo moja la kupigia picha hadi jingine. Safari hii tulikuwa watu 19 na masanduku 43, ukiacha jenereta, stendi za taa na reli za kamera, na tulikuwa na siku tisa za kupiga picha Bagamoyo, Lushoto na Pangani. Tulikodi kwa kampuni moja ya usafiri Coaster moja na Canter moja yenye bodi la kufungwa, pamoja na madereva wawili na wapakiaji wawili, kwa malipo ya siku. Mafuta yalikuwa juu yetu.

Kilichonifanya niwaamini ni kwamba kabla ya kutaja bei walimtuma mtu stoo kwetu kuuona mzigo kwa macho yake. Aliuliza ni vifaa gani tutavihitaji mwanzo tukifika, kisha akapanga kwamba hivyo ndivyo viingie mwisho, karibu na mlango. Nimewahi kupoteza asubuhi nzima ya mwanga mzuri kwa sababu kamera zilikuwa zimezibwa nyuma ya mahema na viti, kwa hiyo swali hilo lilinigusa sana. Kila sanduku lilipewa namba, na orodha yake, pamoja na nakala ya kibali cha Bodi ya Filamu, ikawekwa katika kila gari. Askari waliotusimamisha Segera walizisoma karatasi hizo na kuturuhusu baada ya dakika chache.

Kutoka Bagamoyo tulipitia Msata, kilomita 64 za lami, hivyo hatukulazimika kurudi Dar es Salaam. Safari yenyewe huanzia Mombo, ambako barabara hupanda kilomita zipatazo 33 hadi Lushoto, kona baada ya kona, na bonde likiwa pembeni mwa gurudumu. Dereva wa Canter alisimama Mombo bila kuambiwa na mtu, akakagua breki na mikanda iliyofunga mzigo, ndipo akaanza kupanda polepole kwa gia nzito. Tulipofungua bodi, hakuna kitu kilichokuwa kimehama mahali pake.

Kwa bahati mbaya, siku ya kuteremka kwenda Pangani mambo hayakuwa hivyo. Canter yetu ilikuwa imepelekwa kwenye kazi nyingine, na nikapewa taarifa asubuhi ile ile kwamba tutatumia nyingine, ya turubai. Katika haraka hiyo jenereta ilipakiwa ikiwa na petroli ndani, nayo ikavuja kwenye kona za mlima na kulowesha mablanketi pamoja na mifuko miwili ya nyaya za taa. Betri za lithiamu za kamera zilikuwa humo humo. Naliona hili kuwa kosa kubwa, kwa kuwa lingeweza kugharimu maisha ya watu na si vifaa tu.

Hata hivyo, ni haki niseme pia kwamba Pangani mpakiaji wao alikataa kufungua masanduku ya lenzi mara tulipofika. Lenzi zilizolala kwenye baridi ya Lushoto, mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hushika ukungu zikikutana ghafla na joto la pwani lenye unyevu, na unyevu ukidumu ndani huzaa kuvu kwenye kioo. Aliyaacha kivulini, yakiwa yamefungwa, mpaka ubaridi wake ukaisha, na mpiga picha wetu mkuu alimshukuru mbele ya wote.

Mwenye kampuni alikiri kosa la jenereta na akalipa gharama ya nyaya zilizoharibika bila kuvutana. Mwezi ujao tunarudi Lushoto, na nimewakodi tena, safari hii mkataba ukieleza kwamba gari halitabadilishwa bila idhini yangu ya maandishi, na kwamba jenereta itapakiwa ikiwa tupu, mafuta yake yanunuliwe Mombo na kupandishwa kwa gari la pembeni.