Linux ni bure. Kwa laptopu kuukuu, hela yako iende wapi kwanza?

Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, hulipii senti. Hela inaenda kwenye vifaa, na wengi hukimbilia RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kwa sababu ndiyo inayotajwa sana. Mimi ningeanza kwingine.

Ila kwanza tafuta flashi ya GB 8, iandikie Linux Mint ya Xfce (aina ya Linux yenye mwonekano mwepesi), kisha washa laptopu kupitia flashi hiyo bila kusakinisha chochote. Angalia kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka, na ukiifunika inalala na kuamka. Kasi usiihukumu hapo, maana flashi yenyewe ni ya polepole.

Ikikubali, nunua SSD, diski ya kisasa ya kuhifadhia mafaili. Kama ndani bado mna diski ya zamani, ile inayozunguka na kukoroma, hakuna kifaa kingine kitakachoibadilisha mashine kiasi hicho. Diski ile hupoteza muda kichwa chake kikihangaika kutafuta faili huku na huko. SSD haina kitu kinachotembea. Chukua ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski), inchi 2.5. GB 120 zinatosha kwa kuanzia, kwani Mint inataka angalau GB 20. Laptopu yenye SATA II, toleo la zamani, nayo inaipokea, kwa kasi ya juu iliyopungua, ila kwenye kazi za kawaida tofauti hutaihisi sana. Pima unene tu: nyingine zinapokea mm 7 peke yake, na zenye nafasi ya mm 9.5 zinataka fremu ya kujazia ili SSD isichezecheze.

RAM ni ya pili. Kwa GB 2 Mint itawaka, lakini fungua kurasa kadhaa za kivinjari uone inavyohema. GB 4 ni za kuvumilia, 8 ni raha. Hapa ndipo watu huuziwa isiyofaa: RAM ina vizazi, na DDR2 haiingii kwenye tundu la DDR3, na laptopu iliyoundwa kwa DDR3L ya volti 1.35 inaweza kugoma kuwaka ukiipa DDR3 ya volti 1.5. Ukiwa bado kwenye flashi, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike `sudo dmidecode -t memory`. Utaona aina ya RAM na kama kuna tundu lililo wazi.

Adapta ya Wi-Fi ya USB nunua tu kama jaribio la flashi lilifeli. Usiangalie jina kwenye boksi, ulizia chipu. AR9271 ya Atheros haihitaji kuhangaikia draiva, ingawa haishiki mtandao wa GHz 5.

Betri ningeiacha mwisho, na kwa mashine inayokaa mezani kwenye umeme nisingeinunua kabisa. Prosesa yako ikiwa ya biti 32, usiitolee hela hata ya SSD: Debian, aina nyingine ya Linux, kwenye toleo la 13 la mwaka 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. Weka Debian 12 na uitumie hivyo hivyo ilivyo.