Uzoefu wangu na "Skyfall" ya Adele: nyota nne na nusu

Kama unanunua wimbo mmoja tu wa filamu za James Bond ili ujifunze unavyojengwa, nunua huu wa 2012. Adele aliutunga na Paul Epworth, ambaye pia ndiye prodyuza, baada ya kusoma muswada wa filamu. Ndiyo maana mashairi yanaanza kwa kuuaga ulimwengu: Bond anapigwa risasi na kutumbukia mtoni kabla majina hayajapita kwenye skrini.

Nguvu yake ni noti moja inayotembea, mbinu iliyomo tangu muziki wa Bond wa 1962. Kaa kwenye kinanda, shika C, E flati (kitufe cheusi kilicho kushoto mwa E) na G. Mbili za chini zitulie. G ipande nusu hatua hadi A flati, ipande tena hadi A, kisha irudi A flati. Mpigo uwe wa polepole, kama 76 kwa dakika. Wengi hukosea kwa kuhamisha vidole vyote vitatu; ule wasiwasi unayeyuka, inabaki kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya kawaida ya kwaya. Wengine wanaitwanga kwa gitaa la umeme mwanzo hadi mwisho, inageuka tangazo la redio. Epworth ameifumba ndani ya piano na ala za nyuzi, ukaihisi kabla hujaitambua. Hapo nimemvulia kofia.

Okestra ya watu 77, iliyopangwa na J. A. C. Redford, ilirekodiwa studio za Abbey Road, London. Kwa wingi wote huo, haimfuniki mwimbaji. Sikiliza tarumbeta na trombone zinavyoingia pale Adele anapopumua. Ala ikigombea nafasi na sauti ya mtu, kumwongezea mwimbaji sauti kwenye mixa (mashine ya kuchanganya sauti) hakusaidii. Ipunguzie ala noti, au ishushe oktava, yaani noti zilezile lakini za chini zaidi.

Nusu nyota nimeikata kwa kiitikio cha mwisho. Kwaya, nyuzi na ngoma zimebanwa pamoja, hapabaki pa kupandia. Hata hivyo Oscar ya 2013, ya kwanza kwa wimbo wa Bond, ilistahili kabisa.

Usiuhukumu kwa spika ya simu: noti za chini za piano hazitoki, na bila hizo wimbo unapwaya. Tumia hedifoni na faili la ubora wa CD. Kwa bendi za ukumbini, ufunguo (ngazi ya noti ambayo wimbo umejengwa juu yake) ni C maina. Mwimbaji akishindwa, shusheni ufunguo, msiongeze kasi. Ukifika mpigo wa 90, watu wataanza kucheza.