Inside Bruegel: tovuti ya kuiangalia karamu ya wakulima kwa karibu

Ukitaka kujua wachoraji wa Ulaya walivyowaona watu wa kawaida wakiwa kwenye starehe zao, anzia hapa. Inside Bruegel ni tovuti ya bure ya jumba la makumbusho la Kunsthistorisches, Vienna. Ilifunguliwa mwaka 2018, na ina kazi zote 12 za mchoraji Pieter Bruegel Mkubwa zilizomo katika jumba hilo. Kila moja imepigwa picha kwa mwanga wa kawaida, kwa infraredi (mionzi isiyoonekana kwa macho) na kwa eksirei. Unaziweka sambamba, unazikuza mpaka nyufa za rangi zinaonekana.

Fungua Harusi ya Wakulima, ya mwaka 1567 hivi, ukuze polepole. Kinachodhaniwa kuwa ukuta ni mabua makavu yaliyorundikwa, maana karamu iko ghalani. Juu yake wametundika miganda miwili na reki: mavuno yamekwisha, ndipo nafasi ya kufurahi ikapatikana. Chakula kinabebwa juu ya mlango uliong'olewa kwenye bawaba, na mbebaji mmoja amechomeka kijiko kofiani. Mpiga zumari ya mfuko amekodolea macho kile chakula wakati wenzake wanakula. Halafu nenda ukingo wa kulia. Yuko bwana aliyevaa nguo nyeusi, upanga kiunoni, anazungumza na mtawa. Wengi humchukulia kuwa ndiye mwenye ardhi. Kwenye nakala ndogo za vitabuni huyu hupita bila kuonekana, na bila yeye nusu ya maana ya karamu hii imepotea.

Vita vya Kanivali (sherehe za kabla ya mfungo) na Kwaresima, ya 1559, ndiyo inayoonyesha thamani ya eksirei. Upande wa kulia kulikuwa na maiti kwenye mkokoteni, nayo baadaye ikafunikwa kwa rangi. Kuna mtu aliyeona mnyonge huyo hafai kubaki katikati ya sikukuu.

Kosa la wengi ni kusoma eksirei kama picha ya kawaida. Kinachong'aa humo si mwanga, ni rangi nyeupe yenye madini ya risasi, kwa sababu madini hayo huzuia mionzi. Kwenye infraredi, mistari myeusi ni mchoro wa awali wa kaboni ulio chini ya rangi. Tazama kwanza mwanga wa kawaida, kisha infraredi, eksirei iwe ya mwisho.

Kasoro zipo. Maelezo ni ya Kijerumani na Kiingereza tu. Picha ni nzito, hivyo intaneti ikiwa dhaifu sehemu uliyoikuza hubaki na ukungu. Subiri itulie kabla ya kuamua umeona nini. Simu haifai kabisa kwa kulinganisha picha mbili, tumia kompyuta.

Starehe za matajiri utazipata kwa uchache mno humu. Kwa hizo, nenda kwenye mkusanyiko wa mtandaoni wa Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam, utafute mchoraji Gerard ter Borch na magauni yake ya satini. Kupakua ni bure.